Posho, Maharagwe na Nyama: Wataalamu wa Lishe Wasemaje?

Upo mjadala makambini na katika vituo vya polisi ambao hauishi: je, askari asiyekula nyama aweza kuwa na nguvu za kutosha kuzitimiza kazi zake? Wengine huuliza kwa sababu ya dini. Wamo katika safu zetu Waadventista wa Sabato, ambao kanisa lao huwahimiza kuacha nyama, na wamo pia walioiacha kwa shauri la daktari. Lakini walio wengi huuliza kwa sababu iliyo rahisi zaidi: sahani iliyo mbele yao ina posho na maharagwe, na nyama ni mgeni wa siku chache. Kwao jambo hili si la kuchagua. Ndiyo maana tumeona yafaa leo kuyaeleza maoni ya wataalamu wa lishe kwa kirefu kidogo, maana mengi yasemwayo hangani usiku juu ya chakula hayana msingi, na baadhi yake yaweza kumdhuru mtu.

Yapasa kwanza tujue kwamba taaluma hii ya lishe na kazi ya uaskari ni jamaa wa karibu. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilianzishwa mwaka 1917 katika mji wa Cleveland, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, na waanzilishi wake walikuwa wanawake waliotaka kuisaidia serikali yao kuhifadhi chakula na kulinda afya za watu. Mmoja wao, Lenna Cooper, alitoka katika hospitali ya Battle Creek, Michigan, ambako wagonjwa hawakupewa nyama kabisa. Mama huyo ndiye baadaye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wataalamu wa lishe katika jeshi la nchi hiyo. Hivyo basi swali letu si geni jeshini. Limekuwapo tangu siku za mwanzo.

Chama hicho kimekuwa kikitoa rai yake juu ya watu wasiokula nyama tangu mwaka 1980, na kila baada ya miaka kadhaa huipitia upya. Katika tamko la mwaka 2016 kilisema kuwa ulaji wa vyakula vya mimea, ukipangwa ipasavyo, wamtosha mtu wa kila umri, na kikawataja waziwazi wanamichezo, wajawazito na watoto. Tamko la mwaka 2025 limekuwa na tahadhari zaidi: lazungumzia watu wazima tu, nalo lakiri kwamba ulaji huo waweza kuwatosheleza na kuwapunguzia hatari ya maradhi ya moyo na kisukari, lakini wajawazito, wanyonyeshao na walio chini ya miaka 18 limewaacha nje ya mipaka yake. Wajerumani nao walikuwa wakali zaidi. Mwaka 2016 chama chao cha lishe kilikataa kuwashauri wajawazito na watoto waache kabisa nyama, maziwa na mayai. Mwaka 2024 kikalegeza kamba, kikasema kwa mtu mzima mwenye afya ulaji huo waweza kufaa, ila kwa hao wengine hakina ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono wala kupinga. Waingereza kwa upande wao, mwaka 2017, walisema ulaji huo ukipangwa vizuri wawafaa watu wa rika zote.

Msomaji ataona kwamba wakubwa hao wa taaluma hawapatani katika kila jambo. Lakini wote wamelitumia neno moja, nalo ni kupangwa. Hakuna hata chama kimoja kilichosema kuwa kuacha nyama peke yake ni afya, wala hakuna kilichosema kuwa bila nyama mtu mzima hudhoofu. Askari aelewa tofauti iliyopo kati ya operesheni iliyopangwa na watu waliotoka tu kambini wakiwa na bunduki.

Tuanze na hesabu ya protini, kwa kuwa hapo ndipo mabishano mengi yalipo. Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2007, yalikadiria kwamba mtu mzima ahitaji gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Askari wa kilo 70 basi ahitaji gramu 58 hivi. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 8 za protini, na gramu 100 za maharagwe makavu zina takriban gramu 22. Mtu akila kwa siku gramu 400 za unga na gramu 150 za maharagwe, amekwisha kupata gramu 65. Tena vyakula hivi viwili husaidiana. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi; maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Bibi zetu waliviunganisha katika chungu kimoja kabla hajazaliwa mtaalamu wa kuwaeleza sababu. Kwa hiyo yule asemaye kuwa posho na maharagwe havina nguvu amekosea, maadamu maharagwe yenyewe yamo. Sahani ya posho yenye mchuzi wa maharagwe ambamo maharagwe huhesabika kwa vidole ni jambo lingine, nalo ni la mpishi na mtunza stoo kulijibu.

Ila protini si chakula chote, na historia ya majeshi imejaa makaburi ya watu walioshiba.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa mji wa Kut, kando ya mto Tigris, katika nchi iitwayo leo Iraki. Kuanzia Desemba 1915 hadi tarehe 29 Aprili 1916, Waturuki waliizingira humo divisheni ya jeshi la Uingereza lililotoka India, chini ya Jenerali Charles Townshend. Ndani ya mzingiro mmoja mlikuwa na majiko mawili. Askari wa Kiingereza walikula mkate wa unga mweupe na nyama ya makopo, na ile ya makopo ilipopungua wakachinja farasi. Askari wa Kihindi walikula chapati za ngano isiyokobolewa na dengu, na wengi wao, kwa sababu za dini na desturi, walikataa nyama ya farasi. Jenerali alituma habari kwa simu ya upepo hadi India kuomba ruhusa ya viongozi wa dini, na ruhusa ikaja, lakini wengi waliendelea kukataa hadi mwishoni kabisa.

Nini kilitokea? Maradhi yaliingia katika majiko yote mawili, ila si yale yale. Waingereza walishikwa na beriberi, ugonjwa wa neva na moyo unaotokana na ukosefu wa vitamini B1, ambayo huondoka pamoja na kumvi nafaka inapokobolewa. Wahindi hawakuipata beriberi, maana ngano yao nzima na dengu viliwakinga. Badala yake walishikwa na kiseyeye, ufizi ukivimba na kutoka damu, na vidonda vya vita vikakataa kupona, kwa kuwa hawakuwa na mboga mbichi wala matunda wala hata kile kiasi kidogo cha vitamini C kilichomo katika nyama mbichi ya farasi. Kisha unga mweupe ukaisha. Waingereza wakalazimika kula unga wa shayiri na ngano isiyokobolewa, na beriberi ikatoweka miongoni mwao katikati ya njaa. Kwa maoni yetu kila mpishi wa jeshi angepaswa kufundishwa habari hii kabla ya kufundishwa kuwasha jiko. Wala nyama ya makopo haikuwakinga walaji nyama, wala dengu hazikuwatosha wasiokula nyama. Kila jiko lilipungukiwa na kitu chake.

Wajapani walilipa gharama kubwa zaidi kwa somo hilo hilo. Katika safari ya mafunzo ya manowari yao Ryujo, miaka ya 1882 na 1883, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua beriberi na 25 wakafa. Daktari wa jeshi la maji, Takaki Kanehiro, akabadili chakula, akatia nyama na mkate na baadaye shayiri katika wali, na mwaka 1884 manowari nyingine ikapita njia ile ile bila kifo hata kimoja cha ugonjwa huo. Takaki alidhani kilichokosekana ni protini. Dawa yake ilikuwa sahihi, sababu aliyoitoa haikuwa. Jeshi la nchi kavu halikumsikiliza, likaendelea na wali mweupe, na katika vita na Urusi vya 1904 na 1905 lilizika zaidi ya watu 20,000 waliouawa na beriberi wala si na risasi.

Mtu asidhani haya ni mambo ya kale ya mbali. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa unaoichubua ngozi pale panapopigwa na jua, ukaharisha tumbo, na mwisho ukavuruga akili. Walikuwa wakipewa mahindi. Hapo awali walipewa pia karanga; karanga zilipokatika katika mgawo, pelagra ikaja. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa ndani ya punje hivi kwamba mwili hauwezi kuitwaa kwa urahisi, na karanga ndizo zilizokuwa zikiziba pengo hilo. Kwa hiyo afisa wa ugavi anapofuta karanga katika orodha kwa kuwa ati ni kitafunio tu, ajue afanyalo.

Hapa inafaa kukumbusha asili ya neno letu. Posho maana yake ni mgawo, yaani chakula au fedha ya siku apewayo mtu wa kazi. Kwa kuwa mgawo wa wapagazi na wa askari wa King's African Rifles ulikuwa unga wa mahindi, hapa Uganda jina la mgawo likageuka kuwa jina la chakula chenyewe, na watoto wa shule waulao leo hawajui kuwa wanakula neno la kijeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapagazi wengi wa Afrika Mashariki waliangamia kwa maradhi ya tumbo, na sababu mojawapo ilikuwa unga huo uliopikwa nusunusu, wakalishwa watu waliozoea ndizi na viazi. Posho ilikuja kwetu na somo lake tangu mwanzo, nalo ni kwamba mapishi ni sehemu ya lishe.

Na katika mapishi yako mambo ambayo wataalamu wanayasisitiza, nayo hayahitaji fedha. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na yale maji yamwagwe. Yamo katika nafaka na mikunde maada yaitwayo faiteti, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini; kuloweka, kuchachusha na kuchipusha huyapunguza. Kuchipusha kuna faida nyingine kubwa: punje kavu haina vitamini C ya kutajika, lakini ikilowekwa na kuachwa siku mbili au tatu hadi itoe mizizi, vitamini hiyo huzaliwa humo. Jambo hili lilithibitika katika Vita Kuu ile ile, askari wa Serbia wenye kiseyeye walipotibiwa kwa maharagwe yaliyochipushwa. Laiti wale wa Kut wangaliijua hila hiyo mapema, kwani dengu walikuwa nazo.

Jambo jingine ni chai. Tunajua tunagusa kitu kitakatifu. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia kwa kiasi kikubwa chuma cha maharagwe na mboga kisiingie damuni, ilhali chungwa, ndimu au papai huongeza. Chuma cha nyama hakisumbuliwi sana na chai. Chuma cha mimea husumbuliwa. Basi askari aliye na maharagwe pekee na ainywe chai yake saa moja baada ya kula, na kipande cha chungwa kitangulie. Neno hili lawahusu zaidi askari wa kike. Wataalamu wa Marekani hukadiria kuwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku na mwanamume 8 tu, nao huongeza kwamba asiyekula nyama azidishe kiasi hicho karibu mara mbili. Mgawo uliopimwa kwa mwanamume hautamtosha dada aliye katika lindo lile lile kwa saa zile zile. Mwaka 2016 taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, NARO, ilitoa aina za maharagwe ziitwazo NAROBEAN zenye chuma na zinki nyingi kuliko za kawaida, na wenye dhamana ya kununua chakula wangefanya vyema kuziulizia.

Sasa tufike kwenye nukta ambayo wataalamu wote, wapole na wakali, wanaikubali bila ubishi: vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na vijidudu, nasi huipata katika nyama, maini, samaki, maziwa na mayai. Katika posho haimo, katika maharagwe haimo, katika dodo na nakati haimo. Akikosa B12 mtu hupungukiwa damu, miguu na mikono hufa ganzi, kumbukumbu hudhoofu, na neva zikisha kuharibika huenda zisipone tena. Ubaya wake ni kwamba ini huweka akiba ya kudumu miaka kadhaa. Mtu akiacha vyakula vyote vya wanyama leo, mwaka wa kwanza ataona yu mzima, na wa pili pia, atajisifu mbele ya wenzake. Kisha akiba itakwisha na hakuna king'ora kitakacholia. Tena mboga za majani na maharagwe vina foleti nyingi, nayo foleti yaweza kuificha dalili ya upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika chini kwa chini. Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, maikrogramu 2.4 kwa siku. Anywaye maziwa na kula mayai mara kwa mara huweza kukipata. Asiyegusa chochote cha mnyama hana budi kumeza vidonge au kula chakula kilichoongezewa vitamini hiyo, na asikubali kudanganywa na mtu yeyote kwamba imani au uhodari vitatosha. Na kwa yule ambaye hana kizuizi cha dini ila mfuko tu ndio mwembamba, mukene, yule samaki mdogo wa maziwa yetu, humpa B12, na kwa kuwa huliwa mzima na mifupa yake humpa kalisi pia.

Kalisi twaitaja kwa sababu ya mifupa. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu wapatao 55,000, na matokeo yake kutolewa mwaka 2020, uliwakuta wasiokula chochote cha mnyama wakivunjika nyonga zaidi ya mara mbili ya walaji nyama. Abebaye mzigo mgongoni na kuruka mitaro asilipuuze hilo.

Je, nyama haina lawama? Inayo. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliziweka soseji na nyama nyingine zilizosindikwa katika kundi la visababishi vya saratani. Jongo na shinikizo la damu navyo vinajulikana zaidi katika mesi za maafisa kuliko katika mahanga ya kuruta, na sababu haiko mbali na meko ya nyama choma na kilicho katika chupa kando yake.

Uganda ina jina lake katika elimu hii. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt walifanya kazi Mulago miaka mingi, nao waliona kwamba maradhi mengi ya Wazungu yalikuwa haba kwa wakulima wa huku, wakaitaja sababu: nyuzinyuzi za vyakula vya mimea. Burkitt, ambaye naye alikuwa daktari wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, hakuona haya kupima hata choo. Katika matokeo aliyoyatoa na wenzake mwaka 1972, chakula kilipita tumboni mwa wanakijiji wa Uganda kwa saa 36 hivi, na tumboni mwa mabaharia wa jeshi la Uingereza kwa zaidi ya saa 80. Kwa mwendo huo mwanakijiji alikwisha kumshinda baharia wa Malkia.

Lakini Mulago ile ile ilituonyesha upande wa pili, nao wahusu watoto wetu walioko katika nyumba za kambi. Mwaka 1954 Trowell na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya kwashakoo, na katika Buganda wengi wa watoto hao walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa ndizi pekee. Tumbo dogo halibebi chakula kingi. Posho au matoke hulijaza kabla protini haijatosha. Kutokana na hali hiyo, kitengo cha Mwanamugimu kiliwafundisha akina mama kupika kitobero: chakula cha kawaida cha nyumbani, karanga au maharagwe yaliyopondwa, na mboga za majani, vyote pamoja, na yai au samaki au maziwa vikipatikana. Askari aweza kuishi kwa posho na maharagwe ya jikoni mwa kikosi. Mwanawe wa mwaka mmoja hawezi, na mshahara unapotoka yeye ndiye wa kuhesabiwa kwanza.

Lipo bado jicho la mlinzi wa usiku. Mahindi meupe hayana vitamini A, na aikosaye huona vibaya giza likiingia. Mwaka 2016 Mganda mwenzetu, Dakta Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, naye alipewa kwa kazi yake ya kuzalisha viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani, ambavyo vina vitamini hiyo tele. Vikipikwa vikaliwa pamoja na karanga au mafuta kidogo, mwili huitwaa vizuri zaidi. Kombania iliyotulia mahali pamoja msimu mmoja yaweza kuvilima yenyewe: marando hupandwa mvua zinapoanza, viazi huwa tayari kwa miezi minne au mitano, na matembele yake huanza kuchumwa mapema zaidi.